Saa ya Vifungo

Jumapili, tarehe tisa Novemba. Mvua ilinyesha asubuhi yote, nene na bila upepo, ikakatika kabla ya adhuhuri. Jua lilipotoka, lami ikaanza kutoa mvuke na watu wakatoka nje wamekunja suruali. Nilipanda pikipiki kwenda Busanza kumwona Mama Konsolata, ambaye siku hizi anakaa huko kwenye majumba mapya na analalamika kwamba ngazi zake zilijengwa na mtu asiye na magoti. Macho yake yamepungua nguvu. Nilipomaliza kunywa chai akaniambia, "Haya, soma." Sikuwa na kitabu, nilikuwa na simu. Jirani yangu hunitumia hadithi ya vipande vipande, ya mwanamke anayetaka kuokoa ndoa yake, na mimi huisoma nikingoja maharage yaive. Nikamsomea kipande kimoja, nikamsomea cha pili. Katikati ya cha tatu, pale mke anapomwekea mumewe maji ya kuoga yenye maua, Mama Konsolata akapiga kiti cha mbao kofi: "Huyu hajui kitu. Aende akaulize kwa Salma!" Tukacheka hadi mwanamke wa chumba cha juu akaja kuuliza kama kuna harusi. Salma hatukuwahi kukutana naye. Alikuwa mtu wa kitabu. Lakini kuna mwaka mmoja ambao sisi wawili tulimjua kuliko ndugu zetu, na nimerudi nyumbani nikitaka kuuandika kabla sijaanza kuukosea.

Sina hakika kama naweza. Shule niliishia darasa la sita, na kuandika kwangu ni huku kwa jioni, mistari michache ya nani alikuja na nini kilipanda bei. Mama Konsolata naye leo amenisahihisha mara kadhaa, na mara nyingine nadhani yeye ndiye aliyekosea. Pale tusipokubaliana nitasema. Wale wawili nitakaowasimulia, mke na mume wenye duka la ushonaji, wote walinilisha na wote walinifundisha kazi, kwa hiyo sipendi mmoja aonekane mbaya kwa sababu tu sentensi ilinipendeza.

Chumba cha kushonea kilikuwa Biryogo, hapahapa Kigali, kirefu kuliko upana wake, kuta zimepakwa rangi ya kijani hadi kiunoni na nyeupe iliyochoka juu. Cherehani za mguu zilipangwa upande wa dirisha: ya Mama Shamim kwanza, kwa sababu duka lilikuwa lake na la mumewe, kisha ya Mama Konsolata, kisha ya Nuru, msichana aliyenizidi umri kidogo na mdomo mara nyingi. Upande wa pili kulikuwa na meza ndefu ya kukatia, na hapo alisimama Baba Shamim mchana kutwa akitugeuzia mgongo, chaki nyuma ya sikio. Karibu na mlango kulikuwa na benchi la wateja. Nyuma kabisa, nyuma ya pazia, kulikuwa na kichumba chenye jiko la mkaa na kitanda kimoja, ambapo nililala mimi kama mlinzi wa vitambaa. Nilikuwa na miaka ishirini na kazi yangu ilikuwa vifungo. Cherehani sikuruhusiwa kuigusa ila kuifuta vumbi.

Mwaka huo ulianza na mteja mmoja mnene, mchangamfu, aliyekuja kupimwa gauni. Mama Shamim alikuwa amepiga magoti mbele yake na pini mdomoni. Yule mama akasema, "Hongera kwa kiwanja cha Ndera! Mzee kaniambia mnaanza kujenga." Mimi nilikuwa nimekaa karibu na niliona uso wa Mama Shamim. Haukubadilika. Alizitoa pini mdomoni mojamoja, akazichomeka kwenye kile kifuko cha mkononi, akamaliza kumpima nyonga, akanisomea kipimo niandike, akasema "Ahsante dada, karibu Alhamisi." Kiwanja cha Ndera alikuwa hajawahi kukisikia. Mumewe alikuwa amenunua ardhi, ametafuta fundi, amewaza nyumba, na yeye amejulishwa na mtu aliyekuja kushona gauni la ubatizo. Jioni, Baba Shamim alipochukua kofuli ili wafunge waende kwao Gatsata, mkewe akamwambia, "Mimi leo nalala hapa." Akajibu, "Sawa, kazi ni nyingi." Akaenda. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Alimletea hata blanketi, maskini, akidhani ni kwa sababu ya sare za kwaya tulizokuwa tunashona. Ilimchukua siku kadhaa kujua kwamba ameachwa.

Wasiokaa Rwanda huenda wasijue tunachokiita *kwahukana*. Mke akichoshwa, anafunga nguo zake na kwenda kwa wazazi wake. Si talaka. Anakaa huko akisubiri. Mume akimtaka, anakusanya wazee wake, wanakwenda pamoja na vinywaji, wanabisha hodi, wanaulizwa maswali ya kuwaaibisha kidogo, mume anakubali kosa, na mke anarudi akiwa amebebewa mzigo wake. Huo ndio utaratibu, na unafanya kazi vizuri. Lakini wazazi wa Mama Shamim walikuwa wamefariki na kaka zake wako mbali, kwa hiyo alikwenda mahali pekee alipopahesabu kuwa pake, penye cherehani yake. Na hapo ndipo yalipoharibika mambo, maana mahali hapo mumewe alikuja kila asubuhi, akafungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe, akasema "Asalaam alaykum," na kuanza kukata vitambaa.

"Sasa atamfuata vipi?" Mama Konsolata aliuliza, wale wawili wakiwa wametoka, mke kwenda sokoni na mume msikitini. "Mwanaume anakuja kuchukua mke kwa watu. Hapa watu ni nani? Iko yeye mwenyewe!"

"Abishe hodi kwa nje, kisha akimbie ndani ajifungulie," alisema Nuru.

Tulicheka, lakini mimi sikucheka sana, kwa sababu kitanda changu sasa kilikuwa na watu wawili na nilikuwa nimesikia. Jioni moja, akinisuka nywele kwenye mwanga wa mlangoni, Mama Shamim aliniambia bila kupandisha sauti: "Hadija, nitasubiri mpaka Ramadhani iingie. Asipokuja, nakwenda Kampala kwa Shamim. Na cherehani yangu nitaibeba." Shamim alikuwa binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa huko mwaka uliotangulia. Nilielewa maana yake. Mama Shamim akiondoka, wateja wanaondoka naye, kwa sababu Baba Shamim alijua kukata lakini waliompenda mtu walimpenda mkewe. Duka lingekufa, na wao wawili, ambao mimi sikuwahi kusikia mmoja akimtukana mwenzake, wangezeeka kila mmoja upande wake wa mpaka.

Kila siku mchana Mama Shamim aliendelea kutupikia sote kule nyuma, pamoja na mumewe. Sahani ya mumewe, mara nyingi isombe yetu ya majani ya muhogo, alinipa mimi: "Mpelekee fundi wa kukata." Nampelekea, ananiambia, "Mwambie mpishi ahsante, isombe imekaa vizuri." Narudi nasema, "Ahsante, isombe imekaa vizuri." Ananijibu, "Isombe ya jana pia ilikaa vizuri, hakusema." Narudi na hilo. Ilikuwa hatua chache tu za sakafu, na wote wawili walisikia kila neno kabla sijafika.

Kitabu kililetwa na dereva wa lori Mtanzania aliyekuwa anasubiri suruali yake ipunguzwe. Alikuwa amekimaliza, akakiacha kwenye benchi, akasema, "Someni, dada zangu, mna mwanga mzuri." Jalada lilikuwa limetoka, kwa hiyo jina lake hatukulijua na hadi leo silijui. Kilikuwa cha mke anayeitwa Salma, anayekaa mji wa pwani, na mumewe Jabiri, karani wa benki, mtu mzuri aliyeanza kunyamaza. Hapigi, halewi, hana mwanamke mwingine. Ananyamaza tu. Na Salma anajaribu sura baada ya sura kumrudisha.

Tulikisoma saa ya vifungo. Mafundi wengine walishona vifungo na mapindo wakati wowote, lakini Mama Shamim aliiweka kazi hiyo ya mkono baada ya sala ya alasiri, cherehani zote zikisimama, kwa sababu alisema pindo linataka masikio yaliyotulia. Wote tulikaa na nguo magotini. Chumba ambacho kutwa nzima kilikuwa na kelele za mashine kikawa kimya ghafla, unasikia watoto wa barabarani na chungu cha jirani. Mimi ndiye niliyechaguliwa kusoma, si kwa sababu nilijua, bali kwa sababu kazi yangu ilikuwa ndogo zaidi na ingeweza kugawanywa. Vifungo vyangu wakavichukua wao: Mama Konsolata mashati, Nuru magauni, Mama Shamim makoti. Nilisoma na kidole chini ya mstari. Niliposoma vibaya Mama Shamim alinikata; babu yake alikuja na wafanyabiashara wa pwani na Kiswahili kwao kilikuwa cha nyumbani. "Hapana, usiseme 'Salma iko nalia'. Soma kama alivyoandika." Nikarudia: "Salma alikuwa akilia." Wote wakasema "Ee!" kana kwamba sasa ndiyo ameanza kulia kweli.

Walikisikiliza vibaya, nawaambia ukweli. Hawakuniacha nimalize ukurasa. Salma alipochoma udi chumba kizima, Mama Konsolata aliuliza, "Udi wa kila siku ananunua kwa pesa ya nani?" Salma alipobadilisha mapazia, Nuru akasema mwanaume haoni mapazia hadi yashike moto. Salma alipomwita mama mkwe aje kusuluhisha, walisimama wote watatu, sindano mikononi, wakaniamuru niache kusoma ili wamtukane kwanza. Na Nuru, ambaye alimpenda Mama Shamim kwa namna yake, alichukua ushauri wa kitabu bila kumwambia mtu. Siku moja aliweka kipande cha udi ndani ya pasi ya mkaa, ili Baba Shamim atakapokaribia meza apate harufu ya nyumba ya mtu anayependwa. Kwa bahati mbaya siku hiyo tulikuwa tunapiga pasi sare za kwaya ya kanisa la Mama Konsolata. Jumapili kwaya nzima iliingia kanisani ikinukia kama bibi harusi wa Biryogo. Mama Konsolata anaapa kwamba padri alisema imani imepata nguvu mpya. Mimi sikuwepo, siwezi kuthibitisha.

Baba Shamim hakusikiliza. Hivyo ndivyo alivyotaka tuamini. Alisimama mezani kwake, mgongo kwetu, akikata. Lakini mkasi wake ulikuwa mkubwa, wa chuma cha zamani, na ulikuwa na sauti ya kutafuna, na niligundua kwamba kila Jabiri alipoingia ukurasani mkasi uliacha kutafuna. Sikumwambia mtu. Kisha siku ile ya sura ndefu, ambapo Jabiri anarudi nyumbani usiku na kukaa barazani bila kusema alikotoka, alikata suti ya mwalimu mmoja na akaikata mikono miwili ya kushoto. Mama Konsolata leo ameniambia ilikuwa ya kulia. Kushoto au kulia, mwalimu alikuwa na mmoja wa kila upande kama sisi wengine, na kitambaa kilikuwa kimekwisha. Baba Shamim aliiangalia ile mikono kwa muda, akaikunja akaiweka chini ya meza, akaenda mwenyewe mjini kutafuta kitambaa kingine. Nuru alingoja afike kwenye kona. "Jamani, Jabiri anatuharibia duka," alisema. Tangu siku hiyo ndilo likawa jina lake kisirisiri.

Sikumbuki ilikuwa mwezi gani walipoanza kuzungumza. Nakumbuka mahali kwenye kitabu. Jabiri alikuwa ameleta zawadi, mkufu, akauweka juu ya meza na kwenda kulala bila neno. Mama Shamim alivuta uzi, akaukata kwa meno, akasema akiangalia kifungo chake: "Huyu Jabiri angefungua mdomo siku ya kwanza, kitabu hiki kingeisha ukurasa wa kumi."

Kutoka mezani mumewe akajibu bila kugeuka: "Na huyo Salma angeuliza badala ya kuchoma udi, kisingeandikwa kabisa."

Nuru alijichoma sindano. Lilikuwa neno la kwanza baina yao kwa miezi ambalo halikuhusu kitambaa wala isombe, na halikupita kwangu. Mama Shamim akasema, bado kwa kifungo, "Ataulizaje kitu asichojua kwamba kipo?" Na mumewe, kwa kitambaa chake, "Anajua mume wake yupo. Amuulize yeye." Mama Konsolata aliniminya goti: "Soma, mwanangu, soma, kabla hawajakumbuka." Nikasoma. Tangu hapo ikawa kila siku. Salma alitendewa hivi, Jabiri alimaanisha vile. Waligombana kwa niaba ya watu wawili wa karatasi hadi wateja wa benchi wakaanza kuuliza hao Salma na Jabiri ni majirani wa wapi. Ilikuwa furaha. Sijui neno jingine. Sijawahi kwenda kazini mahali popote tena nikiwa natamani hivyo saa kumi ifike.

Niseme na upande wa Baba Shamim, kwa sababu kwenye chumba kile wanawake tulikuwa wengi na yeye mmoja. Hakuwa mkali. Kwa wateja alikuwa mcheshi hata kupita kiasi, aliwasimulia mambo yake yote wakati anawapima mabega. Ni nyumbani alikonyamaza, na nadhani, lakini hii ni fikra yangu tu, kwamba Shamim alipoolewa aliondoka na mazungumzo yao yote, kwa sababu kwa miaka walikuwa wakizungumza kupitia kwake, kama walivyofanya baadaye kupitia kwangu na kupitia Salma. Mimi sasa nina watoto wakubwa. Kuna jioni mume wangu nami tunakaa na televisheni imezimwa na kila mmoja anangoja mwingine aanze. Zamani nilifikiri Jabiri ni mpumbavu. Sasa namwona ni mtu aliyechoka.

Shaaban ilikuwa imeingia, Ramadhani inakuja, tulipofika sura ambayo Salma anaondoka. Anakwenda kwa shangazi yake. Na Jabiri anamfuata. Anakuja peke yake, mvua inanyesha, anasimama chini ya dirisha na kusema yote.

"Peke yake?" Mama Konsolata alishusha shati. "Bila wazee? Kama mtu anatafuta mbuzi wake?"

"Ni wa pwani," alisema Nuru. "Labda wazee wao hawapendi mvua."

"Hapana. Hii ni dharau. Mwanaume anakuja na watu wa kumsemea, ndiyo heshima."

Mama Shamim hakuwa ameinua kichwa. "Mimi nimempenda hapo," alisema. "Kwa mara ya kwanza. Hakuleta mtu wa kumsemea. Amesema mwenyewe, kwa mdomo wake."

Nilitazama mezani. Mkasi ulikuwa wazi katikati ya kitambaa, haukufunga. Nilimhurumia. Utaratibu ulimtaka alete wazee waseme, mkewe alitaka aseme mwenyewe, na mahali pa kwenda palikuwa hapohapo aliposimama.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ilikuwa umuganda, kama kawaida. Asubuhi kila mtu anatoka na jembe au fagio kufanya kazi za mtaa, na maduka yote yamefungwa. Tulifagia mfereji wa barabara yetu. Baba Shamim alikuwa na umuganda wa kwake Gatsata. Tuliporudi tukiwa na tope, Mama Konsolata na Nuru walibaki kunywa chai kule nyuma, mlango wa mbele umefungwa kwa ndani. Na mtu akabisha. Hakusukuma. Hakutumia ufunguo. Alibisha kwa vidole, akasema, "Hodi wenyewe."

Tulitazamana. Sauti tuliijua. Mama Shamim akaweka kikombe chini taratibu. Mama Konsolata akajipangusa tope, akafunga kitenge upya, na mbele ya macho yangu akageuka kuwa mama mzazi wa mtu. "Nani?" aliuliza kwa sauti kubwa.

"Ni wageni. Tumetoka Gatsata."

"Mna shida gani?"

"Kuna kitu chetu, tunadhani kiko kwenu."

"Wageni wa siku ya umuganda," alisema Mama Konsolata, "mbona hamna aibu. Hadija, wafungulie."

Nilifungua. Walikuwa wazee watatu wa Gatsata wamevaa kanzu, kreti za fanta miguuni, na nyuma yao Baba Shamim, kanzu nyeupe, bila chaki sikioni. Aliingia kwenye duka lake kama hajawahi kuliona. Hakwenda mezani. Alikaa kwenye benchi la wateja, pembeni kabisa, magoti pamoja, na mimi ambaye nilimwona kila siku nilikuwa nashindwa kujua aiweke wapi mikono yake. Mama Shamim alikaa kwenye kiti cha cherehani yake. Mama Konsolata na Nuru wakakaa kila upande wake, kwa hiyo nami nikaenda huko. Tulikuwa ndio familia yake.

Mzee Sefu, msemaji, alisimama akaanza vizuri sana. Alisalimu, akasifu nyumba, akasema ng'ombe hupotea na mwenye ng'ombe halali. Alikuwa bado kwenye ng'ombe, Baba Shamim aliposimama na kusema, "Mzee, nisamehe. Naomba niseme mimi."

Wazee waligeuka wote. Jambo hilo halifanywi. Mzee Sefu alimtazama kama amevua kanzu mbele za watu. "Sasa mimi umenileta kufanya nini? Kunywa fanta?"

"Ee, mzee, karibu fanta," Nuru alisema, na akamfungulia moja upesi.

Na Baba Shamim alisema. Alisema vibaya. Alianza kwenye kipimo cha kiwanja, akarudi nyuma, akasahau alichotaka, akashika sikio kutafuta chaki. Ninavyokumbuka, maneno yake yalikuwa haya. Zamani, kabla ya Shamim kwenda shule, aliwahi kumwambia mkewe wamepata kiwanja, mkewe akawaambia ndugu zake kwa furaha, na kiwanja kikawa cha mtu mwingine, na ndugu wakacheka kwa miaka. "Nikasema sitakwambia tena kitu mpaka nikishike mkononi."

"Lakini mteja ulimwambia," alisema Mama Shamim. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama.

"Mteja nikimwambia kitu kisitokee, anaondoka na gauni lake. Wewe nikikwambia kisitokee, tunalala nacho."

Mzee mmoja alitazama chini kwenye chupa yake, na nilidhani naye anawaza nyumbani kwake. Mama Shamim alikuwa amekamata gurudumu la cherehani na kulizungusha kidogo mbele na nyuma, bila uzi. Nilijua kwamba angeweza kunyamaza sasa, na kila kitu kingeishia hapo kwa heshima, fanta zikanywewa, na yeye akaenda Kampala.

"Mlango unaangalia wapi?" aliuliza.

"Mlango upi?"

"Wa nyumba. Ndera."

"Barabarani."

"Vumbi lote la Ndera liingie kwenye vitambaa?"

"Tunaweza kuugeuza. Bado ni kamba tu na vigingi."

"Na dirisha la jikoni?"

Baba Shamim alifungua mdomo. "La jikoni sijaliwaza."

"Ndiyo hivyo!" alisema Mama Konsolata kwa wazee. "Mmeona? Mtu hawezi kuachiwa jikoni peke yake." Wote wakacheka, hata Mzee Sefu, na Mama Shamim alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa kipande cha bitana. Aliendelea kumuuliza. Choo kiko wapi, maji yanatoka wapi, cherehani itakaa upande gani wa dirisha. Na yeye alijibu, kila swali, akichora kwa kidole kwenye benchi, hadi fanta zikaisha na wazee wakaomba ruhusa ya kwenda kuswali.

Mnaweza kuuliza Salma aliishia wapi. Tulimaliza kitabu wiki ile iliyofuata, saa ileile, na mimi nilisoma vizuri kuliko siku zote. Lakini mwisho wake siukumbuki sawasawa, na Mama Konsolata leo anasema alirudi kwa Jabiri, na mimi nadhani alibaki kwa shangazi yake akafungua duka la vitambaa. Hatukukubaliana. Tulikuwa tumeacha kuwasikiliza.

Jioni ya umuganda Mama Shamim alikataa niachwe peke yangu dukani, kwa hiyo Baba Shamim alibeba mzigo wa nguo zake na mimi nikabeba blanketi, na tulipita Nyabugogo sote watatu tukipanda kwenda Gatsata. Njia nzima walikuwa wanabishana kuhusu lile dirisha, mume anataka liangalie mashariki, mke anataka liangalie geti aone anayekuja. Nyumba ilikuwa imefagiwa hivi kwamba ufagio uliacha mistari uani. Baba Shamim alikuwa ameteleka maharage kwenye mkaa tangu alfajiri kabla ya kwenda umuganda, akamwomba jirani ayaangalie, na jirani naye, asijue kama yametiwa chumvi, akatia. Mama Shamim alionja, akamtazama mumewe, akaongeza maji kimya, kisha akakumbuka na kusema kwa sauti, "Nimeongeza maji." "Nimeona," alijibu. "Ahsante." Tulikula maharage yale ya chumvi mbili, viazi vitamu vya kuchemsha, na dagaa wa kukaanga tuliowanunua njiani, na kila mmoja aliomba aongezewe.